Maji ya Japani Njiani kwenda Bariadi

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya jicho la mtu mwingine. Mama mkwe wa mdogo wangu Masunga alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho hospitalini, akafungwa bandeji nene upande wa kulia, na sasa ilibidi arudi kwake Bariadi. Daktari alimpa masharti mawili: asiiname, na vumbi lisimguse kabisa, kwa sababu likiingia kwenye kidonda jicho ndio limekwenda. Kumwambia hivyo mtu anayesafiri kwenda Bariadi wakati wa kiangazi ni mzaha, lakini daktari hakuwa anacheka.

Siku zile Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Simiyu tuliyoijua sisi ilikuwa mto. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mzani na sauti kubwa. Kila mwanamume aliyejua kufunga tai aliitwa mfanyabiashara binafsi. Masunga hakujua kufunga tai, lakini alinunua iliyokwisha kufungwa, ya mpira.

Akauza na ng'ombe. Walikuwa ng'ombe aliowachuma pamoja na mkewe Kabula tangu walipooana, waliotunzwa Bariadi kwa ndugu. Aliwauza wote bila kumwambia mwenzake, akapanda treni kwenda Dar es Salaam, akarudi na gari dogo jeupe lililotumika Japani. Kwenye kioo cha nyuma lilikuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani, ambayo Masunga aliwaambia majirani kwamba maana yake ni baraka. Kabula alilizunguka gari lile mara moja, akafunga kanga zake na kupanda basi kwenda kwa mama yake.

Baadaye tukapata salamu zake kupitia kwa kondakta wa basi. Nilikuwepo zilipotolewa, na kondakta alizisema kwa furaha isiyokuwa na sababu: "Kabula anasema, mama hawezi kupanda basi na jicho lile. Masunga amlete na hilo gari lake. Akimfikisha salama kabla jua halijazama, atarudi nyumbani. Akishindwa, asimfuate tena. Aoe gari."

Ndipo nilipoitwa mimi, Mbuke, dada yake mkubwa, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye mdomo. Nilihitajika kwa sababu kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawakai karibu, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno la mmoja linamfikia mwenzake kwa kupitia mtu wa kati. Gari dogo halikutengenezwa na watu wanaojua hayo. Nikawekwa kiti cha nyuma pamoja na mama mkwe ili niwe njia ya maneno.

Mwanza, asubuhi na mapema, tulipita kwanza gereji kwa Fundi Salehe, kwa sababu chini ya gari palikuwa pakidondoka maji ya kijani. Fundi aliingia chini, akatoka, akasema ugonjwa ni mdogo. Chini ya rejeta kuna koki ya kutolea maji. Koki ile ina kimpira cha duara, na kimpira kimekufa. Maji yamwagwe yote, koki ifunguliwe, kimpira kibadilishwe, maji yarudishwe, basi.

"Yamwagwe?" aliuliza Masunga. "Haya ni maji ya Japani, fundi. Yametoka huko na gari. Niyamwage, halafu nitie ya bomba la hapa?"

"Maji ni maji, bosi. Haya yana dawa ya injini tu. Tena ni sumu, mtu asionje. Nikufungie sasa hivi?"

"Wewe funga yasitoke, lakini usiyamwage."

Fundi Salehe alinitazama mimi. Nikatazama pembeni, maana huyo ni damu yangu na nilikuwa naona haya. Mwishowe Masunga alinunua bakuli la plastiki, akalifunga kwa waya chini ya koki, ili yanayodondoka yadondokee humo, na kila tukisimama ayarudishe kwenye rejeta. Alifurahi sana kwa ubunifu huo. Mtu aliyeuza ng'ombe bila kupepesa jicho alikuwa anakinga matone.

Tulimchukua Mama Kabula hospitalini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ametulia, na mkononi alikuwa na beseni jipya alilomnunulia binti yake. Masunga alimwamkia kwa mbali, ameinama, anatazama magurudumu. Alipokaa kwenye usukani aligundua balaa jipya: kioo cha kutazamia nyuma kilimwonyesha uso wa mama mkwe wake wote, na bandeji yake. Alishtuka, akakigeuza kile kioo kikatazama paa la gari. Hivyo ndivyo tulivyotoka Mwanza, tumefunga madirisha yote kwa ajili ya vumbi, dereva haoni nyuma, na chini yetu bakuli.

Tulipovuka daraja la mto Simiyu na kuiacha Magu, Masunga alianza hotuba. Alisema ushamba umekwisha, mali ya miguu minne ni mali ya kufa, sasa mtu ni magurudumu. Alisema gari halinyweshwi, halichungwi, haliugui ndigana. Alikuwa ananiambia mimi, lakini kwa sauti ya kumfikia mwingine.

Mama Kabula alinigusa mkono. "Mwanangu Mbuke, mwulize mkwe. Kama gari halinyweshwi, mbona tumesimama kulinywesha mara nyingi hivi?"

"Masunga, mama anauliza—"

"Nimesikia," alisema Masunga, masikio yamemsimama. "Mwambie mama ni maji yake yale yale. Yanazunguka tu."

Nikamwambia. Alikuwa amesikia pia. Kila neno katika safari ile lilisemwa mara mbili ndani ya gari ambalo mtu akipiga chafya wote mnalowa.

Mwamanyili, jua lilipokwisha kupanda, mshale wa joto ulipanda nao. Tulisimama karibu na vibanda vya sokoni. Masunga alichungulia chini akakuta waya umebaki na bakuli hakuna. Lilikuwa limeachwa mahali fulani nyuma yetu na Japani yake ndani. Koki sasa ilikuwa inatiririsha uzi mwembamba wa kijani juu ya mchanga.

Watu walikusanyika. Mama mmoja mwenye ungo wa nyanya aliuliza ile ni nini.

"Dawa," alijibu Masunga kwa hasira, akimaanisha dawa ya injini.

Hapo akaharibu kila kitu. Neno lilipokewa na kupitishwa nyuma, na kabla sijashuka vizuri tayari watu wawili walikuwa na chupa, na yule mama wa nyanya alikuwa ametoa kikombe. Mmoja aliuliza kama inatibu na kuku. Niliwafukuza kwa mikono, nikipiga kelele kwamba ni sumu, itawaua, waache. Mama wa nyanya aliondoka akinisonya, akasema watu wa mjini kila kizuri wanakiita sumu ili wabaki nacho wenyewe. Nilikanyaga lile dimbwi, nikalifukia kwa mchanga hadi likaisha, na viatu vyangu vya kwenda ukweni vikaisha navyo.

Ndani ya gari Mama Kabula alikuwa amekaa wima kama alivyokuwa. "Hata ng'ombe hanywi maji ya rangi ile," alisema. Hilo sikulipeleka mbele, lakini lilifika.

Lamadi tuliingia mchana. Ziwa linaonekana kutoka barabarani, na mji mzima unanuka samaki na malori. Tulimwacha mama ndani ya chumba cha mgahawa, mbali na upepo, akaletewa sato na ugali. Masunga alikula nje peke yake, ameupa mlango mgongo. Mwenye mgahawa, mwanamke mchangamfu, alimwonea huruma, akasema nyuma ya nyumba kuna kivuli kizuri, mawe ya kupandishia gari, na mafundi wa kumwaga.

Niseme wazi kwamba hapo ndipo mambo yote yangemalizika. Mama alikuwa ndani, gari lilikuwa nje, kivuli kilikuwepo. Nikamwambia, "Masunga, fungua koki hiyo sasa."

"Dada, mafundi wa Lamadi siwajui. Watanibadilishia vitu halisi waniwekee bandia."

"Basi ingia mwenyewe. Fundi Salehe amekueleza yote."

Alitazama shati lake. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, la kumwonyesha Kabula. Akatazama na ardhi ya Lamadi, ambayo ina magamba ya samaki. "Tutajaza tu," alisema. "Kutoka hapa si mbali."

Akanunua madumu, akachota maji ya ziwa, akayatia kwenye rejeta taratibu, uso umekunjamana kama mtu anayemzika jamaa. Madumu mengine mawili tuliyaweka miguuni pangu. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumwambia ana ugali kidevuni.

Baada ya Lamadi tuliacha barabara kuu tukashika ile ya vumbi. Nchi ikawa mbuga tupu, udongo mweusi uliopasuka, miti ya miiba mmoja mmoja. Malori ya wanunuzi wa pamba yalikuwa yanakimbizana kwenda kuwahi vijiji, na yale yaliyokuwa yanarudi yalikuwa yamejazwa kupita kiasi, hata pamba ilikuwa imenasa kwenye miiba pande zote mbili za barabara. Lori likitupita, gari letu linapotea ndani ya vumbi, na mimi namfunika mama uso kwa kanga yangu.

Kabla ya kufika Dutwa, palipo mbali na kila kitu, gari lilichemsha. Mvuke ulitoka kwenye boneti kama sufuria ya maharage, na Masunga akazima injini haraka, hilo ninamsifu. Alitia dumu la kwanza injini ilipopoa kidogo. Maji yaliingia juu, yakatoka chini, nayo kwa haraka. Koki ilikuwa imechoka kabisa. Tukabaki na dumu moja.

Sasa nieleze jambo lilivyokaa, maana hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Koki iko chini ya rejeta. Kuifikia, mtu anaweka kando heshima zake, analala chali mchangani, anaingia chini ya gari. Na ndani ya gari hilo alikuwa amekaa mama mkwe wake. Mkwe kulala chali, na mama mkwe juu yake! Masunga alisimama mbele ya boneti mikono kichwani. Nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile hana hotuba.

"Mama ashuke kidogo," alininong'oneza. "Asimame kule kwenye mti."

Niliutazama ule mti. Ulikuwa na majani machache kuliko miiba. Upepo ulikuwa unazungusha vumbi jeusi, na lori lingine lilikuwa linakuja. "Ashuke na jicho hilo?" nilimwuliza. "Ukimpeleka Kabula mama wa jicho moja, utamwambia nini?"

"Basi ingia wewe, dada."

Nikajaribu. Sina cha kuficha. Nilijifunga kanga, nikalala chini, nikaingiza kichwa na bega moja, na hapo safari yangu ikaishia. Gari lile lilitengenezwa chini sana, na mimi nimetengenezwa juu. Masunga ilibidi anivute miguu ili nitoke. Nilicheka hadi nikakohoa, kisha kicheko kikaniisha, kwa sababu nilipofungua mlango nikakuta ndani joto kama tanuri. Mama Kabula hakuwa amelalamika. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa na kuingia kwenye bandeji. Niliogopa kweli. Nje vumbi, ndani jasho, na jua limeanza kuteremka.

"Mbuke," alisema polepole, "mkwe anangoja nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa heshima kadiri nilivyoweza.

Akanipa beseni la Kabula. "Mpe hili akingie maji. Na mwambie hivi: jicho la kulia amelifunga daktari. La kushoto nalifunga mwenyewe. Katika gari hili mimi simo. Mmepakia mzigo wa pamba."

Akafumba jicho lake zima, akaegemea kiti, akawa mzigo.

Nilipompelekea Masunga maneno hayo alitaka kuanza kubishana, lakini hapakuwa na wa kubishana naye, pamba haijibu. Alivua tai ya mpira, akainamisha kichwa, akalala chali kwenye udongo mweusi na shati lake jeupe, akaingia chini akiwa amefumba macho naye. Sijui aliiona vipi koki. Nilisikia akiomba radhi kwa Kisukuma, sijui kwa nani, labda kwa magurudumu.

Mimi nilifungua mfuniko wa juu uliokwisha kupoa, yeye akafungua koki, na maji yaliyobaki yakamwagika ndani ya beseni. Nilichungulia nione hiyo Japani. Yalikuwa rangi ya kahawia, na kutu, na kipande cha jani la ziwa. Kijani hakikuwepo hata tone. Tulikuwa tumeibembeleza tangu Mwanza, na ilikuwa imekwisha zamani.

"Dada," ilitoka sauti chini, "kimpira hakipo. Kimebaki unga tu."

Wakati huo alikuja mwendesha baiskeli kutoka upande wa Dutwa, mtu wa makamo aitwaye Shija, amefunga gunia nyuma kwa mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu. Alisimama kutusalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila," alisema.

"Mwadila," niliitikia. "Baba, tunaomba kipande cha huo mpira wako. Kidogo tu, cha kukata duara."

"Chukueni. Nani yuko chini?"

"Mdogo wangu."

"Na ndani ni nani, mgonjwa?"

Nikasahau kwamba mimi ni njia ya maneno na njia nyingine zinapaswa kufungwa. "Mama mkwe wake," nilisema.

Shija aliruka kama aliyekanyaga moto. Aliuachia mpira mkononi mwangu, akatugeuzia mgongo, akasimama uso umeelekea kwenye mti wa mwiba. Mazungumzo yote yaliyofuata aliyafanya na ule mwiba. Akauliza habari za Mwanza, bei ya pamba, mvua, na mwiba ukabaki unamsikiliza.

Nilikata kimpira kwa mkasi wangu wa kushonea. Kisha nikachuma pamba iliyonasa kwenye miiba ya barabarani, nikaisokota, Masunga akaizungushia kwenye nyuzi za koki, pale inapoingilia, akakaza. Tukatia dumu la mwisho. Tulingoja, tukatazama chini, na mchanga ukabaki mkavu. Maji machafu tuliyafukia kwenye shimo mbali na njia ya mifugo. Nilipomgeukia Shija kumshukuru, alikuwa ameshasimamisha basi lililokuwa linakwenda Bariadi, anazungumza na dereva, mikono yake inaeleza. Nikajua tumekwisha.

Dutwa hatukukaa. Tuliongeza maji kisimani, mwanamke aliyetuchotea akanitazama, akatazama mgongo wa Masunga uliokuwa mweusi tii, akauma mdomo asicheke. Habari zilikuwa zimepita tayari.

Bariadi tulifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Nyumbani kwa Mama Kabula, nje kidogo ya mji, watu walikuwa wamesimama uani kama tunaleta maiti. Kabula alikuwa mlangoni. Mbele ya wote alikuwa mjomba wake Ngasa, kaka wa mama, mtu wa sauti kubwa ambaye naye msimu ule alikuwa amejinunulia mzani wa pamba na heshima yake ilikuwa imepanda bei. Nilimshika mama mkono, nikamshusha. Bandeji ilikuwa safi. Nilitaka Kabula aione hiyo kwanza, na aliiona.

"Tumesikia," alisema Mjomba Ngasa. "Mkwe alilala chini ya mama mkwe wake, hadharani, barabarani. Aibu hiyo inaoshwa kwa ng'ombe. Lete ng'ombe."

"Mjomba, sina ng'ombe," alisema Masunga.

"Ulikuwa nao. Wako wapi?"

Masunga alinyoosha kidole kwenye gari. Watu walicheka hadi mbuzi wakakimbia. Yeye hakucheka. Katika miaka yote niliyomjua, kwa mara ya kwanza nilimhurumia bila kutaka kumpiga.

Mama Kabula aliinua mkono. "Nani aliona?"

"Shija wa Dutwa," alijibu mjomba.

"Shija alikuwa anatazama mwiba. Mimi nilikuwa nimefumba. Dada mtu ni dada mtu, si shahidi. Sasa aliyeona ni nani?"

"Lakini ulikuwa ndani ya gari!"

"Humo mlikuwa na pamba," alisema mama.

Mjomba alijua ameshindwa, lakini kulikuwa na watu, akasema kwa vyovyote lazima kitu kitoke mkononi mwa mkwe, desturi haiachwi mikono mitupu. Akaanza kulizunguka gari akiligonga, macho yake yametua kwenye tairi la akiba. Mama Kabula alimkatiza. Aliniita, akaninong'oneza, na safari hii nikapeleka neno kwa sauti ili wote wasikie:

"Mama anasema anataka kile kioo cha ndani. Anasema tangu Mwanza kinatazama paa, kazi hakina. Akifunguliwa jicho atahitaji kioo."

Masunga alikichomoa, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa kama inavyotakiwa. Mjomba alikiangalia kile kioo kidogo kwa uchungu wa mtu aliyeahidiwa ng'ombe. Kabula alimzunguka mumewe, akautazama mgongo wa lile shati, kisha akaingia ndani. Alitoka na maji ya kuoga na shati la kaka yake, akaviweka karibu na Masunga, akaenda kumshika mama yake mkono.

Siku ya kufunguliwa bandeji, muuguzi wa Bariadi alikuja nyumbani. Mama alifumbua taratibu, akalia machozi kidogo, akaomba kioo chake. Alijitazama muda mrefu sana.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema, "na wote mmekaa kimya."

Mjomba alikuwepo. Alimwomba dada yake amshikie kioo ajitazame na yeye, akakataliwa.

Niliyojifunza katika safari ile si mengi. Nimejifunza kwamba mdogo wangu akichafuka mgongo ni mtu mzuri, tatizo ni kumfikisha hapo. Nimejifunza kukata kimpira cha koki, na kile cha tyubu kilidumu, Fundi Salehe alipokiona baadaye alikiacha humo humo. Na kuhusu soko huria, sijajifunza lolote; waulizeni wenye mizani.

Tulirudi Mwanza asubuhi baada ya mama kufunguliwa jicho, sasa madirisha wazi. Kabula alikaa mbele na mumewe, mimi nyuma peke yangu na beseni, ambalo tuliamua litakuwa la kufulia. Karibu na Dutwa Masunga alisikia kelele na kengele nyuma yetu, akapunguza mwendo. Alinyoosha mkono kwenye kioo, akakuta pengo.

"Hebu tazameni, nyuma kuna nini?"

Kabula aligeuka, akatazama vizuri bila haraka.

"Ng'ombe," alisema. "Wa watu. Wa kwetu tumewakalia."